Saratani ya Figo ya Mtoto: Tuache Kumlaumu Mama

"Kwetu hakuna saratani, hii imetoka ukoo wa mama yake." Kauli hii, ambayo mara nyingi hutolewa na shangazi au bibi mzaa baba huku mama mwenyewe akiinamisha kichwa, nimeisikia wodini hadi imenichosha.

Ni kweli kwamba uvimbe wa Wilms, saratani ya figo inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5, hutokana na mabadiliko ya jeni, lakini si kila badiliko la jeni limerithiwa. Mara nyingi hitilafu huzuka ndani ya seli za figo zenyewe, tena huanza figo inapojengeka tumboni, na wazazi hawana hitilafu hiyo. Familia zenye zaidi ya mgonjwa mmoja ni kama 1 au 2 tu katika kila 100. Jeni ya WT1, iliyotambuliwa mwaka 1990 katika kromosomu ya 11 (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), huziongoza seli changa zikomae kuwa figo. Nakala zake zote mbili, ya baba na ya mama, zikiharibika, seli hizo huweza kubaki changa na kuzidi kugawanyika. Hata mtoto anapozaliwa na nakala moja mbovu mwili mzima, aghalabu hitilafu hiyo ni mpya. Na kipande cha kromosomu hiyo kinapopotea kwa mara ya kwanza kwa mtoto, bila wazazi kuwa na hitilafu hiyo, mara nyingi hupotea kwenye nakala iliyotoka kwa baba, jambo ambalo mashangazi hawapendi kulisikia.

Wapo wanaodhani kwamba WT1 ikiwa salama, ugonjwa si Wilms. Sivyo: katika uvimbe mwingi WT1 haina kasoro, na hitilafu hupatikana kwenye jeni nyingine, kama vile WTX, CTNNB1 au DROSHA. Kuhusu vyakula vya mama mjamzito, hakuna chakula kilichothibitishwa kuleta uvimbe huu. Wala ugonjwa wa jeni si ugonjwa usiotibika: penye huduma kamili, watoto wapatao 9 katika 10 hupona, ingawa uvimbe wenye hitilafu ya jeni ya TP53 ni mkaidi zaidi.

Badala ya kuchunguza ukoo, mchunguzeni mtoto. Aliyezaliwa bila sehemu ya jicho yenye rangi, au mwenye upande mmoja wa mwili uliokua kuliko mwingine, apelekwe kwa daktari, kwani yuko katika hatari zaidi ya kupata uvimbe huu na huenda akahitaji ultrasaundi ya tumbo kila baada ya miezi 3 hadi afikishe miaka 7. Tumbo likishaonekana kuvimba, lisikandwe wala kubonyezwa na kila mgeni, kwa sababu uvimbe huu huweza kupasuka.