Kupima uimara wa zege kwa probu: maana yake na mahali inapodanganya

Kipimo cha probu ni njia ya kukadiria uimara wa zege likiwa palepale lilipomwagwa, kwenye nguzo, ukuta au slabu, bila kukata kipande cha kupeleka maabara. Bunduki ndogo yenye risasi ya baruti isiyo na kichwa husukuma msumari wa chuma kigumu ndani ya zege, kisha hupimwa urefu uliobaki nje. Zege dhaifu huacha msumari uzame. Zege imara huukatalia. Msumari huo ndio unaoitwa probu.

Kwa nini usumbuke, wakati kyubu, yaani vibonge vya zege vya kupima maabara, zipo? Kwa sababu kyubu haziko ndani ya jengo. Zege la kyubu huchotwa likiwa bichi, hushindiliwa kwa utaratibu kwenye boksi la milimita 150, hulazwa majini na kuvunjwa kwa mashine siku ya 28. Zege la nguzo yenyewe huenda liliongezewa ndoo ya maji na kibarua aliyechoka kulisukuma, vaibreta, mashine ya kushindilia zege, haikufika chini, au halikumwagiliwa baada ya siku ya pili. Majibu ya kyubu yanaweza kuwa mazuri kabisa na nguzo ikawa mbovu. Kinyume chake pia hutokea: kyubu zimefeli kwa sababu zilitengenezwa ovyo, na mkandarasi anadai kazi yake ni nzima. Hapo ndipo mhandisi hutaka kuuliza zege lenyewe.

Mfumo unaojulikana zaidi ni wa Windsor, uliobuniwa Marekani katikati ya miaka ya 1960 kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Bandari ya New York na kampuni ya Windsor Machinery. Utaratibu wake umewekwa katika kiwango cha Marekani, ASTM C803. Probu ya kawaida ina kipenyo cha milimita 6.3 na urefu wa milimita 79.5. Hupigwa tatu kwa pamoja, kwenye pembe za kiolezo cha pembetatu chenye pande za milimita 177 hivi, na hutumika wastani wa vipimo vyake. Tuseme wastani uliobaki nje ni milimita 45: maana yake probu zimeingia milimita 34.5. Mojawapo ikilegea au ikiingia upande, haihesabiwi, inapigwa nyingine.

Hadi hapo kila kitu ni rahisi, na hapo ndipo watu wengi huishia. Wanachukua ile 45, wanafungua jedwali la mtengenezaji, wanasoma megapaskali, yaani uimara wa zege, na kuandika ripoti. Lakini bunduki haikupima megapaskali. Imepima kina. Probu inapoingia husaga mchanga na saruji, na pia huvunja kokoto zilizo njiani, kwa hiyo ugumu wa kokoto unaingia kwenye jibu moja kwa moja. Katika kyubu inayogandamizwa, zege la kawaida mara nyingi hushindwa kwenye saruji na pale saruji inaposhikana na kokoto. Kokoto yenyewe inaweza kutoka nzima. Vipimo hivi viwili havibani kitu kilekile.

Dar es Salaam inatoa mfano mzuri. Kokoto za Lugoba ni za mwamba mgumu. Za Kunduchi ni za chokaa ya matumbawe, ambayo ukiikwaruza kwa kisu inakubali. Chukua mazege mawili ambayo probu zake zote zimebaki nje urefu sawa, moja la Lugoba na moja la Kunduchi. Lenye uimara mkubwa zaidi ni la Kunduchi, kwa kuwa kokoto zake hazikusaidia sana kuzuia probu; saruji ndiyo iliyofanya kazi. Ndiyo maana majedwali hutaka kwanza ujue ugumu wa kokoto kwa kipimo cha Mohs, ngazi ya 1 hadi 10 ya ugumu wa madini kwa kukwaruzana, ambapo kalsaiti ni 3 na kwatzi ni 7. Ukisoma zege la kokoto ngumu kwenye safu ya kokoto laini, utapata namba kubwa kuliko ukweli, na hilo ndilo kosa la hatari.

Hata safu sahihi ya Mohs haitoshi, kwa maoni yangu. Jedwali lilitengenezwa kwa mawe ya watu wengine. Kinachoaminika ni kupiga probu kwenye zege la mchanganyiko wenu, kukata viini vichache (vipande vya mviringo vinavyotobolewa kwenye zege) karibu na hapo, kuvivunja maabara na kuchora uhusiano wenu wenyewe. Ndiyo, inagharimu. Ila baada ya hapo unaweza kukagua ghorofa nzima kwa siku moja bila kuitoboatoboa yote.

Kuna masharti mengine. Probu husoma sentimita chache za juu tu, ingawa ni zaidi ya nyundo ya Schmidt, inayopima jinsi inavyodunda juu ya zege na ambayo huchezewa sana na ngozi ya zege iliyokauka na kukomaa. Nondo zitafutwe kwanza kwa kifaa cha kugundua chuma, maana probu ikigonga nondo kipimo kimeharibika. Karibu na ukingo zege linaweza kupasuka, na ukuta mwembamba haufai. Mpigaji avae miwani na asisimame mtu nyuma ya ukuta: hii ni baruti, si nyundo.

Kazi ambayo probu huiweza vizuri zaidi ni kulinganisha: nguzo ipi ya ghorofa hii imebaki nyuma ya wenzake, au slabu imefikia kiwango cha kutoa mirunda. Probu zikishang'olewa hubaki mashimo yenye midomo iliyomeguka, hivyo kwenye ukuta wa zege lisilopigwa plasta, mwenye jengo aambiwe mapema.