mRNA ya vitangulizi vya opioidi asilia hutambuliwaje?

Mwili hujitengenezea vituliza maumivu vinavyofanya kazi kama mofini, yaani opioidi asilia. Mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, Scotland, walitangaza viwili vya kwanza, walivyovipata kwenye ubongo wa nguruwe. Wakaviita enkefalini. Ni peptidi, yaani minyororo ya asidi amino (matofali ya protini), tena fupi mno: asidi amino tano tu.

Seli haiundi vipande hivi kimoja kimoja. Huunda kwanza protini ndefu, yaani kitangulizi, kisha vimeng'enya huikatakata. Vitangulizi vinavyojulikana zaidi ni vitatu: proenkefalini, prodainofini na POMC, inayotoa beta-endofini. Kila kimoja kina jeni lake na mRNA yake, nakala ya maagizo ambayo seli huisoma ili kuunda protini.

Peptidi zenyewe zikiwapo, mRNA ya nini? Tatizo ni kwamba peptidi hizi zimefanana mno. Enkefalini, dainofini na beta-endofini zote huanza na asidi amino nne zilezile: tairosini, glaisini, glaisini, fenilalanini. Kingamwili cha maabara, protini inayotumiwa kutambua peptidi fulani, huweza kunasa moja badala ya nyingine. Tena peptidi husafiri. Huundwa kwenye mwili wa seli ya neva, zikakutwa kwenye ncha ya mkia wa seli hiyo, mbali kabisa. mRNA nyingi hubaki pale inapoundwa protini, hivyo humtaja mtengenezaji.

Kuinasa mRNA hiyo kulihitaji hesabu. Katika mRNA, asidi amino moja huweza kuandikwa kwa zaidi ya njia moja. Glaisini ina nne. Kwa hiyo enkefalini inayoishia na asidi amino methionini (ile nyingine huishia na lusini) peke yake ina tahajia 64 zinazowezekana. Watafiti hutengeneza vipande vifupi vya DNA vinavyolandana na tahajia hizo, kisha huvitumia kama chambo. Mwaka 1982 kundi la Shosaku Numa, Kyoto, lilisoma hivyo mRNA ya proenkefalini kutoka tezi za adrenali za ng'ombe. Ndani ya kitangulizi kimoja mlikuwa na nakala sita za enkefalini ya methionini na moja ya lusini. Nani angelikisia hilo kwa kutazama peptidi pekee?

Siku hizi chambo hutiwa alama ya mionzi au rangi inayong'aa, kikawekwa juu ya kipande chembamba cha ubongo, na seli zenye mRNA husika zikajionyesha.

Lakini mRNA haisemi kisu cha vimeng'enya kitapita wapi. POMC ileile, katika sehemu ya mbele ya tezi ya pituitari, hutoa zaidi homoni ya ACTH. Katika sehemu ya kati ya tezi hiyohiyo ya panya, ACTH hukatwa tena.