Jasusi hasa ni nani? Kisa cha mhandisi wa Moscow

Kila ninapoanza kufundisha Vita Baridi, ule uhasama wa Marekani na Muungano wa Kisovieti, huwaomba wanafunzi wanieleze jasusi anafananaje. Hunitajia miwani meusi, bastola na mgeni aliyetoka mbali. Nami huwaletea Adolf Tolkachev: mhandisi wa rada wa makamo, mkimya, mwenye mke na mtoto mmoja, aliyekwenda kazini kila asubuhi kama jirani yeyote.

Mtaani neno shushushu linawabeba wote, lakini kazini watu hawa ni wawili. Yupo afisa, mwajiriwa wa idara ya ujasusi, ambaye mara nyingi hukaa ubalozini kwa cheo cha udiplomasia. Akinaswa, kwa kawaida hufukuzwa nchini tu. Halafu yupo mwenyeji anayetoa siri za kwao, naye hana kinga yoyote. Mimi humtazama huyu wa pili kwanza, kwa sababu siri hutoka mikononi mwake.

Tolkachev hakushawishiwa na mtu. Mama mzazi wa mkewe aliuawa mwaka 1938, zama za Stalin, mtawala wa Kisovieti, na baba mkwe akapelekwa kwenye kambi za kazi ngumu. Uchungu huo ulikaa ndani ya nyumba yao miaka yote. Januari 1977 alimfuata Mmarekani mmoja kwenye kituo cha mafuta jijini Moscow na kumpa barua. CIA, idara ya ujasusi ya Marekani, wakakaa kimya, wakihofia mtego wa KGB, idara ya usalama ya Kisovieti. Akarudi tena, na tena. Ilipita miaka miwili hadi alipokutana na afisa wao ana kwa ana, tarehe 1 Januari 1979.

Kazi yenyewe ilifanyika saa ya chakula cha mchana. Alichukua nyaraka za siri ofisini, akazificha ndani ya koti na kwenda nazo nyumbani. Kamera ya Pentax aliibana kwa kibano kwenye mgongo wa kiti, akapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, kisha akawahi kuzirudisha. Baadaye ikatoka amri kwamba anayeazima nyaraka aache kitambulisho chake cha kupitia getini. Mtu hawezi kutoka bila kitambulisho, kwa hiyo CIA ikamtengenezea cha pili. Kupitia picha hizo Wamarekani walizijua rada za ndege za kivita za Kisovieti, zikiwamo za MiG-31, na wakaokoa mabilioni ya dola za utafiti.

Kwa miaka sita hivi walionana zaidi ya mara 20 tu. Kila mara afisa alizunguka mji kwa saa kadhaa, kwa gari, kwa basi na kwa miguu, mpaka ahakikishe hafuatwi. Ishara ya Tolkachev kwamba yuko tayari ilikuwa kijidirisha cha juu cha nyumba yake kikiachwa wazi mchana. Mwishoni mwa 1982, ufuatiliaji ulipobana, afisa mmoja aliruka kutoka kwenye gari kwenye kona, na sanamu ya mtu iliyokuwa imefichwa ndani ya boksi la keki ikainuka kwenye kiti chake. Waliokuwa nyuma wakaendelea kuona vichwa vilevile.

Aliomba fedha, ndiyo. Lakini aliomba pia kalamu za kuchorea na muziki wa roki kwa ajili ya mwanawe. Na aliomba sumu, ili akikamatwa asihojiwe. Wakuu wa CIA walisita sana kabla ya kumpa. Mwaka 1983 uchunguzi ulipoanza kazini kwake, alichukua fedha na vifaa akaenda navyo kwenye nyumba yake ya shamba, akavichoma moto.

Hakuangushwa na kosa lake mwenyewe. Edward Lee Howard, aliyefunzwa na CIA kwa ajili ya kazi ya Moscow kisha akaachishwa mwaka 1983, aliwauzia KGB habari za Tolkachev. Tolkachev alikamatwa Juni 1985. Tarehe 13 mwezi huohuo afisa wa Kimarekani alifika mahali pa miadi akiwa na mzigo wa kumpelekea, akawakuta KGB wanamngoja. Afisa alirudishwa kwao. Oktoba 1986 Moscow ikatangaza kwamba Tolkachev ameshauawa.