Gari kama maficho katika kupiga picha za ndege wanaoruka

Kwa wapiga picha wa ndege wa porini, maficho ni mahali popote panapomwezesha mtu kuwa karibu na ndege bila ndege huyo kumtambua kuwa ni mtu: kibanda cha mbao kando ya bwawa, hema dogo la rangi ya majani, au turubai lililotandazwa juu ya kichaka. Gari linapoitwa maficho, maana yake si kwamba ndege halioni. Analiona vizuri, na huenda ameliona kabla mpiga picha hajamwona yeye. Kinachofichika ni umbo la binadamu, yaani kichwa, mabega na miguu miwili inayotembea, umbo ambalo ndege wengi hulihesabu kuwa la adui. Ndege wanaoishi karibu na barabara huona magari yakipita kila siku bila kuwadhuru, kwa hiyo huliacha gari lisogee hadi umbali ambao mtembea kwa miguu hawezi kuufikia. Mlango ukifunguliwa na mguu mmoja ukakanyaga chini, mara nyingi ndege huyo huondoka papo hapo, ingawa gari lenyewe halijasogea hata kidogo.

Ukaribu huo humfaa kila anayepiga picha za ndege aliyetulia, lakini kwa picha za ndege anayeruka kuna faida nyingine ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha dhana hii. Ndege aliyeshtuliwa humkimbia aliyemshtua, na picha inayopatikana ni ya mkia na mgongo unaotokomea. Ndege anayeondoka kwa hiari yake hufuata utaratibu wake mwenyewe, nao unaweza kukisiwa. Ndege, hasa wakubwa kama tai na korongo, hupendelea kuruka wakielekea upepo unakotoka, kwa sababu hewa inayopita kwenye mbawa huwainua upesi zaidi. Basi gari likiegeshwa kwa namna ambayo upepo unavuma kutoka kwa mpiga picha kwenda kwa ndege, na jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha, ndege atakapoondoka yamkini ataelekea upande wa kamera, uso wake ukiwa umepata mwanga. Upepo na jua visipopatana, ni afadhali kusogeza gari hadi mahali ambapo ndege atapita ubavu mbele ya dirisha kuliko kumpiga picha kwa nyuma.

Tuseme mwewe ametua juu ya nguzo. Kwa muda mrefu hageuzi kitu ila kichwa. Kisha hukung'uta manyoya, hutoa kinyesi, hukaza macho mahali pamoja, huinamia mbele na kukunja miguu, na kati ya kukunja miguu na kufunguka kwa mbawa haipiti hata sekunde moja. Anayengoja kuziona mbawa zimefunguka ndipo abonyeze kitufe amekwisha kuchelewa; inafaa aanze kupiga mfululizo pale miguu inapokunjwa, akiwa ameacha nafasi ya kutosha kwenye fremu upande ambao ndege ataelekea, kwani mbawa zikinyooka huchukua nafasi kubwa kuliko ndege aliyekaa.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ndiyo inayoamua kama manyoya yataonekana moja moja. Ndege anayekwenda mita 15 kwa sekunde husogea sentimita 6 katika muda wa 1/250 ya sekunde, lakini katika 1/2000 husogea milimita 7.5 tu, na ncha za mbawa huenda kwa kasi kuliko mwili. Kwa sababu hiyo wengi huanzia 1/2000 na kupanda zaidi kwa ndege wadogo wepesi kama mbayuwayu, wakikubali kuongeza ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwa kuwa mwanga unaoingia ni mchache. Fokasi, yaani ulengaji wa lenzi unaofanya kitu kionekane wazi bila ukungu, huwekwa kwenye hali ya kufuatilia mfululizo, ili kamera iendelee kurekebisha umbali kadiri ndege anavyokaribia.

Gari nalo lina masharti yake. Injini izimwe, kwa kuwa mtetemo wake hufika hadi kwenye lenzi. Kioo cha dirisha kishushwe chote, na kiyoyozi kizimwe mapema, maana hewa ya ndani ikipishana joto na ya nje, picha huchezacheza kama kitu kinachoonekana juu ya moto; kupiga picha juu ya boneti lililotoka kupata moto huleta kasoro hiyo hiyo. Kifuko cha nguo kilichojazwa nafaka, kikilazwa juu ya mlango, huibeba lenzi nzito wakati wa kungoja, ila ndege anaporuka inabidi lenzi inyanyuliwe mikononi ili iweze kumfuata. Hata hivyo fremu ya dirisha huzuia upesi, na ndege akipita juu ya paa amekwisha kupotea. Kazi hii hufanywa gari likiwa limesimama mahali salama, nje ya njia ya wengine, na dereva hapaswi kushika kamera huku akiendesha.

Kupiga honi au kumfukuzia ndege ili aruke ni kinyume cha maana yenyewe ya maficho, kwani hapo gari limekwisha kujitangaza kuwa adui. Vivyo hivyo, ndege akionekana amebeba chakula mdomoni, akirudi tena na tena kwenye tawi lile lile bila kwenda kwenye kiota chake, huyo hajazoea gari hata kama amekaa karibu: anangoja liondoke, na makinda yanangoja pamoja naye. Injini iwashwe taratibu, na gari lirudi nyuma hadi atakapoingia kiotani.