Kwa nini wachoraji wa mambo ya ndotoni wanapenda sarakasi hivi?

Hivi ushakutana na zile picha mbuzi anapiga fidla, dada kasimama juu ya farasi na farasi mwenyewe anapaa, chini watu wamekaa duara wanaangalia? Mdogo wangu hapa Mtwara kaziona kwenye simu akauliza, hawa jamaa hawana kingine cha kuchora?

Wanacho, ila sarakasi inawarahisishia. Masurealisti walitaka kuchora ndoto, mwandishi André Breton akatoa ilani yao Paris 1924, na yeye alisomea udaktari halafu mambo ya Freud, yule daktari wa akili aliyechambua ndoto, yalishamkolea. Sasa ukichora ndoto mtu anakwambia umezusha tu. Sarakasini huzushi kitu, binadamu anaruka hewani kweli, sura aliyovaa sio yake, mnyama anafanya ya watu, na wewe unacheka huku roho iko juu jamaa asije akadondoka. Huku kwetu mbona tunalijua hilo, lipiko likitoka, yule mcheza ngoma wa Kimakonde mwenye kinyago, au mtu kapanda mironjo juu huko, watoto wanakimbia na kucheka kwa pamoja na wakubwa wanajua kabisa ndani ni jirani yao.

Na huu undugu ni wa zamani kuliko hiyo ilani. 1917 hukohuko Paris kulikuwa na onyesho la dansi, Parade, habari ya wasanii wanaovuta wapita njia waingie kuangalia shoo. Pazia kalichora mchoraji Picasso, kaweka wasanii wa sarakasi mezani na farasi mwenye mabawa, na kwenye programu ya onyesho mshairi Guillaume Apollinaire ndo akaandika neno surealisti, Breton na wenzake wakalichukua baadae.

Mchoraji Chagall yeye hata kundi la masurealisti hakuingia, ila 1927 mfanyabiashara wa picha Ambroise Vollard alimpa kazi ya kuchora sarakasi na hakuacha tena. Mchoraji mwingine, Miró, kafanya kinyume, farasi wake wa sarakasi kabakiza mstari na madoa, mi binafsi ilinichukua muda kumpenda.

Halafu kuna sababu ambayo wengi wanairuka. Wasanii wa sarakasi walikuwa watu wa kuhamahama, hela hamna, kazi yao kufurahisha wenye tiketi, wachoraji wakajiona humo, ndo maana mwaka 1905, kabla hilo neno surealisti halijazaliwa, Picasso kajichora mwenyewe baa kavaa nguo za mchekeshaji na hacheki.