Mgonjwa aliye kizuizini ni mgonjwa wa nani?

Kila ninapowafundisha madaktari wapya maadili ya taaluma, huanza kwa kutenganisha vyombo viwili ambavyo wengi huvichanganya: chama cha madaktari, ambacho hujadili na kutoa matamko, na baraza la madaktari, ambalo kwa nguvu ya sheria humsajili daktari, hupokea malalamiko dhidi yake na laweza kumfutia usajili. Tofauti hiyo huifafanua kwa kisa cha Steve Biko, mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi na kufa akiwa kizuizini.

Mwaka 1975 Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha Tamko la Tokyo, linalomkataza daktari kushiriki katika utesaji wa mtu aliye kizuizini au kuufumbia macho. Mwongozo, basi, ulikuwepo. Hata hivyo, Septemba 1977 Dkt. Ivor Lang alimchunguza Biko mikononi mwa polisi huko Port Elizabeth, akaandika cheti kwamba hakuona kasoro yoyote. Na ingawa baadaye maji ya uti wa mgongo yalikutwa na damu, ishara ya uwezekano wa jeraha la ubongo, mwenzake, Dkt. Benjamin Tucker, alikubali mgonjwa asafirishwe zaidi ya kilomita 1,000 hadi Pretoria, akiwa uchi nyuma ya Land Rover. Biko alifariki tarehe 12.

Kinachoniuma zaidi ni yaliyofuata. Mwaka 1980 baraza la nchi hiyo liliamua kwamba hapakuwa na sababu ya kuwashtaki, na chama cha madaktari kikaunga mkono uamuzi huo. Ilibidi madaktari wenzao, wakiwemo Frances Ames, Trefor Jenkins na Phillip Tobias, waende mahakamani, ambako mwaka 1985 baraza lililazimishwa kulisikiliza shauri. Lang akakaripiwa, Tucker akafutiwa usajili. Chama kiliomba radhi mwaka 1995.

Mshika mbili moja humponyoka, na daktari wa polisi au wa gereza hushikishwa mbili tangu siku anapoajiriwa. Kumwambia tu awe mwadilifu hakutoshi: mwongozo umweleze waziwazi kwamba aliye mbele yake ni mgonjwa wake, hata kama mshahara unatoka kwa anayemshikilia, nalo baraza limlinde atakapokataa amri. Mwaka 1991, alipoomba kurejeshewa usajili, Tucker alikiri kwamba taratibu alikuwa amepoteza ule uhuru usio na woga unaotakiwa kwa daktari, akajifungamanisha mno na maslahi ya vyombo vya dola.