Kanisa la Escomb na mawe yake ya mtumba

Kazi yangu mi ni kusoma kuta za majengo ya kale, na mtu akiniuliza aanzie wapi kule Uingereza simtumi kwenye makatedro, namwambia nenda Escomb, kijiji kidogo tu cha County Durham karibu na Bishop Auckland, kuna kanisa la parokia la kama mwaka 675 hivi na mpaka leo watu wanasali humo.

Kwa nje halina mbwembwe. Ukumbi mmoja mrefu mwembamba, urefu mita 13 na kitu, upana haufiki hata 5, kuta zimepanda juu balaa, halafu mbele kachumba ka madhabahu, ramani imeisha. Lakini we sogea ukutani. Yale mawe ni mtumba! Yametoka Binchester, ngome ya Warumi iliyokuwa jirani tu, wenyewe walishaondoka siku nyingi, sasa fundi ahangaike kuchonga ya nini wakati mawe yapo yameshachongwa? Mengine bado yana mikwaruzo ya patasi ya Kirumi, ile ya kukatana msalaba msalaba, na ukuta wa kaskazini kuna jiwe limeandikwa LEG VI, yaani Lejioni ya Sita, kikosi kikubwa cha jeshi la Warumi, limejengewa kichwa chini miguu juu. Labda fundi hakujua kusoma, ila mi naona hakujali tu.

Ndani, tao la kuingilia madhabahuni linaonekana nalo ni la Kirumi, limehamishwa zima zima. Cheki pembeni zake: jiwe limesimamishwa wima, linalofuata limelazwa likazama kwenye unene wa ukuta, tena wima, tena kulala, hapo ndo panaposhika. Madirisha ya asili ni vitundu vya juu, kwa ndani vimetanuliwa ili mwanga usambae. Makubwa yaliongezwa baadaye. Na usitoke bila kuona saa ya jua ukuta wa kusini, imezungukwa na nyoka.

Nadhani kilichoiokoa Escomb ni ukata, maana vijiji vyenye hela ya biashara ya sufu vilibomoa makanisa ya zamani vikajenga upya kwa fasheni. Hapa walijenga jipya pembeni mwaka 1863, la kale likaachwa lioze mpaka paa likaharibika, wakaja kulikarabati miaka ya 1870, na lile jipya ndo likaishia kubomolewa.